Mapera Ndani ya Mtungi wa Bibi

Jumatano, 11 Desemba 1996

Jina langu limebandikwa ukutani shuleni. Nimechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Nimelisoma mara tatu, mara ya tatu kwa kidole. Baba ameikunja barua ya shule na kusema neno la mwisho ni la kaka yake. Baba Mkubwa Magige anakuja Jumapili. Yeye husema msichana aliyesoma ni sawa na ng'ombe aliyevuka mpaka wa Sirari: utasikia habari zake tu.

Zamani pombe ya ulezi ya Bibi Wegesa ilimlainisha. Tangu apate shimo la dhahabu kule Nyamongo, anakunywa bia za chupa kwa jirani yetu Mogesi. Anasema mtungi ni wa watu wasio na shimo.

Nahitaji mpango.

Alhamisi, 12 Desemba

Mpango umekuja wenyewe, kwa miguu. Mjomba Joram amerudi kutoka mashimoni na chupa moja aliyopewa na dereva wa wazungu wanaopima miamba. Bia yenye ladha ya matunda! Kwenye karatasi yake wamechora matunda mekundu nisiyoyajua. Joram anasema kwa hao wazungu hupikwa msimu wa matunda hayo tu, ukipita basi.

Akaonja. Joram ni mtu anayeongea hata akipiga mswaki. Alinyamaza mpaka kuku akapita na vifaranga vyake vyote tisa. Kisha akasema taratibu kwamba ni kama kuombwa msamaha na mtu uliyekata tamaa naye.

Mimi sikuonja. Mimi ni Msabato, hatunywi pombe. Nilinusa kizibo tu, nikabaki nimesimama. Sikujua kinywaji kinaweza kumfanyia mtu hivyo.

Mapera yetu yameiva.

Ijumaa, 13 Desemba

Bibi amechanganya unga uliokaangwa na kimea, akafunika mtungi, akaenda shambani. Nikaponda mapera kikapu kizima, nikayatia mtungini. Sikumenya wala kuchuja, kwa sababu mwalimu wa sayansi alisema nguvu ya tunda iko kwenye ganda. Nilifanya haraka, Sabato ilikuwa inaingia. Nikaweka sikio kwenye mtungi. Unapumua.

Jumamosi, 14 Desemba

Kanisani sikuwa na hakika kama pombe inaombewa. Nimeombea "shughuli ya kesho".

Nyumbani povu limeinua kifuniko. Harufu imejaa mpaka zizini, na nyuki wamekuja. Bibi anasema katika miaka arobaini ya kupika hajaona nyuki wakipiga hodi kwenye mtungi. Huenda marehemu babu ametuma salamu. Nilinyamaza. Je, kunyamaza ni uongo? Nitalifikiria Jumatatu.

Jumapili, 15 Desemba

Wazee watano wamefika, Baba Mkubwa akiwa mmoja wao. Bibi alionja kwanza kama desturi, kuonyesha hakuna sumu. Alichota kwa kibuyu, akanywa, akafumba macho. Akasema leo si yeye aliyepika mtungi, mtungi ndio umempika yeye.

Wazee wakaingiza mirija. Mzee Ezra alivuta, akatulia, akaanza kumtaja mama yake kwa jina la utotoni. Wengine walitazama milima ya Itiryo kana kwamba imeletwa asubuhi hii. Nilijiona niko kanisani.

Baba Mkubwa peke yake hakupata kitu. Mrija wake ni mrefu kuliko yote, kwa heshima ya umri, unafika chini kabisa ya mtungi. Alivuta mpaka mashavu yakaingia ndani. Kavu. Mogesi, aliyekuwa akichungulia uani, akamwambia kwa sauti tamu kwamba chupa haijawahi kumnyima mtu. Baba Mkubwa akashika fimbo yake. Nikaona kidato cha kwanza kikiondoka naye.

Hapo Bibi akasema, "Magige, kaa. Mrija ukimkataa mtu, kuna neno amelikalia kooni."

Alikaa. Kisha akasema, akitazama chini, kwamba baba yao kabla ya kufa alimwagiza asomeshe binti mmoja wa ukoo, ili barua za nyumbani zisisomwe na wageni. Hakusomesha hata mmoja. Na mwezi uliopita ameweka kidole gumba kwenye karatasi ya shimo lake, na mpaka leo hajui ile karatasi ilisema nini.

Akaiweka fimbo chini.

"Huyu aende," akasema.

Bibi akampa kibuyu chake mwenyewe. Alikunywa, akanyamaza kuliko Joram.

Jumatatu, 16 Desemba

Bibi alikuwa anasafisha mirija. Akagonga ule mrefu kwenye jiwe, na kutoka kwenye kichungio chake cha chini zikadondoka mbegu za mapera, kama kokoto. Akazitazama. Akanitazama. Akaniuliza kama shule ninayokwenda wanafundisha kuziba wazee midomo. Nimeapa mbele yake sitatia pera kwenye mtungi wake maisha yangu yote. Nimeapa kwa moyo wote.

Jioni Baba amesema kuhusu sanduku, viatu na godoro, neno la mwisho pia ni la kaka yake. Atakuja tena Krismasi.

Mpapai wa Mogesi una mapapai mawili yaliyoanza kuwa ya njano. Ameniruhusu nichukue moja. Nimelipasua. Mbegu zake ni kubwa kuliko za pera.