Bwana Asiyetajwa

Jumatatu, 8 Juni

Kwako Shajara yangu, salamu na heshima. Madhumuni ya kurasa hizi ni kuweka bayana kwamba mimi, Fikiri, mwandishi wa barua za watu hapa sokoni Tabora, nakusudia kumposa Najiat, mshonaji. Kikwazo: Adinani, muuza asali. Leo amemwonjesha asali kwa kijiti, naye Najiat akacheka. Mimi sijapata kuchekewa hivyo, ingawa najua mahali pa kuweka nukta mkato.

Jumanne, 9 Juni

Posa hupelekwa na mshenga. Nimewapima wote ninaowafahamu. Hakuna ajuaye kupanga sentensi. Nitakuwa mshenga wangu mwenyewe, kwa nafsi ya tatu, kama ipasavyo katika maombi rasmi. Anayesema “mimi” hujivuna. Anayesemwa “yeye” huaminika.

Jumatano, 10 Juni

Nimefika kwa Mzee Abbasi, baba mkubwa wa Najiat. Baada ya shikamoo nikaeleza kwamba yuko bwana mmoja wa sokoni, mcheshi, mtanashati, kipenzi cha wateja, ambaye kwa staha hatajwi. Bi Mwamvita, mkewe, akadakia kutoka ndani: mcheshi wa sokoni ni nani kama si Adinani? Wakafurahi. Nikaletewa chai na vitumbua.

Nikafafanua kwamba bwana huyo ni mimi. Mzee akakunja uso. Akasema ameona washenga waongo na washenga walevi, lakini mshenga wa kumpora posa aliyemtuma, huyu ndiye wa kwanza. Nikatolewa, kitumbua mkononi.

Alhamisi, 11 Juni

Najiat alikuja mezani kwangu. “Kaka Fikiri, kama ni wewe kweli, njoo kesho useme: mimi Fikiri nakutaka. Basi.”

Sentensi gani hiyo? Haina hata utangulizi. Adinani alikuwa akitutazama huku akichekelea.

Ijumaa, 12 Juni

Kosa nimeligundua: mshenga sharti awe mtu mwingine. Baada ya swala, mwenye nafasi alikuwa Adinani peke yake. Nimemkaririsha hotuba yote na kumwonya asitaje jina la bwana mpaka Mzee aridhie. Alikubali upesi, hata akaniamkia shikamoo. Nadhani dhamira inamsuta.

Alasiri. Vigelegele vinatoka kwa Mzee Abbasi. Ni dhahiri kwamba hotuba imefaulu. Mwombaji amekwisha kuvaa kanzu, ameketi barazani kwake, naye anaomba ajulishwe uamuzi.