Uwanda Hauingiliwi

Idara ya Vibali iliwatangazia wananchi wote kwamba kuanzia sasa haitawahesabu tena, itawaelewa. Tangazo lilibandikwa langoni, ukutani, na hata kwenye mlango wa choo kilichofungwa kwa matengenezo tangu enzi za mkurugenzi aliyetangulia. Lilieleza kwa herufi nzito kuwa Idara imehama rasmi kutoka utafiti wa takwimu kwenda utafiti wa kimaelezo, "kwa madhumuni ya kuchimbua furaha ya mteja hadi mizizini." Kwamba furaha ipo, hilo halikuhitaji utafiti.

Aliyetia saini tangazo hilo ni Mkurugenzi mwenyewe, ambaye wafanyakazi walimwita Asilimia, ingawa si mbele yake. Jina lilimstahili. Kila mwaka alisimama mbele ya Waziri akasoma asilimia ya wananchi walioridhika, na kila mwaka asilimia ilipanda, mpaka mwaka jana alipoajiriwa mtakwimu mpya, mtu asiye na adabu hata kidogo, aliyekwenda kuwauliza wananchi wenyewe. Namba zikaporomoka. Mtakwimu akahamishiwa bohari la viti vibovu, na Asilimia akakosa usingizi mpaka aliposikia kwamba kuna aina ya utafiti isiyotumia namba kabisa. Aliifurahia kama mtu aliyepona jino. Namba ni jeuri, ukiikunja inavunjika, lakini maneno ni mali yako, unayakunja upendavyo.

Na hapo alikuwa anahitaji sana kitu cha kukunjika. Kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi. Waziri alikuwa ameahidi kuja Alhamisi saa nne, ghorofa ya tatu, kusikiliza utafiti huo kwa masikio yake, na kila mtu alijua maana ya ahadi ile. Mkewe Asilimia alikuwa ameshawadokeza ndugu zake habari za ukatibu mkuu, akiwasihi wasimwambie mtu, kwa hiyo ukoo mzima ulikuwa unajua. Baba mkwe ameshaanza kumwita "Katibu" kwenye simu. Kukosa sasa ingekuwa aibu ya kuhama mji.

Kwa kuwa utafiti unahitaji watafiti, na watafiti wanataka kulipwa, Asilimia aliomba wanafunzi wa mwaka wa mwisho kutoka chuo cha utawala. Hao hulipwa kwa uzoefu. Akawaweka ukumbini, akapanda jukwaani, akawafundisha utangulizi wa utafiti wa kimaelezo asubuhi nzima, yeye ambaye alikuwa ameusoma wiki iliyopita akiwa kwa kinyozi.

Niseme ukweli, alifundisha vizuri. Aliwaambia kwamba mtafiti wa kimaelezo haendi uwandani na majibu mfukoni, kisha akawagawia majibu wayaweke mfukoni kwa tahadhari. Aliwaambia maneno ya mshiriki yaandikwe kama yalivyotoka kinywani, na lile zito kuliko yote ndilo liwe jina la ripoti. Aliwaambia mshiriki ni siri. Jina lake halitajwi, hata aje mkubwa gani kuliulizia, na mkubwa akizidi kulitaka ndipo wazidi kulificha. Lakini fundisho alilolipigia ngumi mezani lilikuwa hili: uwanda hauingiliwi. Ukiona mtu ananyimwa haki yake, wewe andika. Ukimsaidia umeharibu utafiti.

Kiongozi wa darasa, binti mwembamba wa miwani aliyekuwa na tabia ya kuuliza, alinyoosha mkono.

"Na mshiriki mwenyewe akituomba msaada, Mkurugenzi?"

"Hapo ndipo utafiti unapokolea, mwanangu. Andika kwa kasi zaidi."

Binti akaandika hilo pia.

Kisha Asilimia akatangaza jambo lililowafanya wampigie makofi. Alhamisi asubuhi yeye mwenyewe angefanya uchunguzi shirikishi. Angevaa kama mwananchi wa kawaida, apange foleni katika Idara yake, aombe kibali, ahudumiwe kwa bashasha, halafu apande juu amsimulie Waziri mambo yangali ya moto. Wanafunzi wangekaa ukutani wakiandika. Hakuna mfanyakazi ambaye angeambiwa.

Mkewe alimwambia usiku ule kwamba kama anataka kujua watu wanasema nini, si awaulize tu. Asilimia akamjibu kwa upole kuwa hayo ni mawazo ya mtu asiye na mbinu. Akaazima shati la shemeji yake, fundi wa kuchomelea, lililojaa vitundu vya cheche, na ndala zilizokatika zikaungwa kwa waya. Suti, simu na kitambulisho akaviacha ofisini kwake ghorofa ya tatu. Alikuwa amewafundisha wanafunzi kwamba mwananchi wa kawaida hana cha kujitambulisha, na yeye si mtu wa kufundisha asilolitenda.

Basi Alhamisi ikafika, na Asilimia akaingia Idara yake kwa mlango wa mbele. Hajawahi kuutumia tangu ateuliwe. Yeye alikuwa mtu wa lango la nyuma, ndani ya gari lenye vioo vyeusi. Akakuta chumba chenye benchi moja, feni iliyoelekezwa kwa makarani, na dirisha la huduma lililotobolewa chini kiasi kwamba kila anayetaka kusema lazima ainame. Juu ya dirisha ilining'inia picha yake, ya ujana, amenenepa mashavu na anatabasamu. Wanafunzi walikuwa wamejipanga ukutani. Akawakonyeza. Binti wa miwani akaandika kwamba mshiriki ana tatizo la jicho.

Aliketi karibu na mama mmoja, fundi cherehani aliyekuwa anatafuta kibali cha kibanda chake. Mama yule akamuuliza hii ni safari yake ya ngapi. Asilimia akasema ndiyo ya kwanza, na benchi lote likacheka, kicheko cha huruma kabisa. Mama akamkatia kipande cha mkate wake, akamwambia asinyanyuke hata kwenda kujisaidia, maana benchi halina rafiki. Asilimia alikula ule mkate kwa moyo mkunjufu, akipanga kumtajia Waziri kama ushahidi wa mshikamano wa kijamii uliojengwa na Idara.

Saa tatu ikapita. Karani alikuwa anapaka kucha rangi. Mtandao umegoma, alisema bila kuinua uso, na mtandao ukigoma mtu hana budi kuungojea. Zamu yake Asilimia ilipofika, saa ya ukutani ilikuwa inakaribia nne na kijasho kilikuwa kimelilowesha shati la shemeji yake mgongoni. Akainama dirishani. Karani akamwambia alete nakala. Nakala ya nini? Ya kibali. Akasema kibali ndicho alichokuja kuomba. Karani akasema ndiyo hapo sasa, njoo Jumatatu.

Juu, ghorofa ya tatu, viti vilisikika vikiburutwa. Waziri amefika. Hapo Asilimia akasahau mbinu zote.

"Sikiliza, mwanangu," alinong'ona. "Mimi ndiye Mkurugenzi wako."

Karani akamtazama, akaitazama picha, akamtazama tena.

"Yule ni mnene," alisema, kisha akamwita mlinzi kwamba kuna mwingine.

Mlinzi alikuja bila haraka. Wiki iliyopita tu alikuwa amemtoa mjomba wake Waziri, wa uongo, na kabla yake shemeji wa Rais. Agizo lilikuwa ukutani na yeye analijua kwa moyo: mtu yeyote atakayejitaja kwa cheo akiwa kwenye foleni ahesabiwe tapeli mpaka athibitishe vinginevyo kwa kitambulisho. Limetiwa saini na Mkurugenzi. Asilimia akasema saini ile ni yake. Mlinzi akasema wote husema hivyo.

Ndipo akawageukia wanafunzi.

"Waambieni. Nyinyi mnanijua. Waambieni mimi ni nani."

Hakuna aliyefungua mdomo. Kijana wa mwisho kwenye mstari machozi yalimlengalenga, akainamisha kichwa akaandika kwa kasi zaidi. Binti wa miwani naye hakutoa macho kwenye karatasi. Alikuwa amefundishwa na mwalimu mzuri.

Na Asilimia, aliyekuwa hajawahi kupaza sauti mbele ya watu bila kipaza sauti, akapiga kelele mpaka feni ikaonekana kusita.

"Humu ndani hakuna mtu wa kumsikiliza mtu!"

Yule mama wa cherehani akasema taratibu, "Sema, baba." Kalamu zote ukutani zikaenda mbio, na mlinzi akamshika mkono akamtoa nje kwa heshima anayopewa kichaa mpole.

Alizunguka hadi lango la nyuma, ambako mlinzi mwingine aliyaheshimu sana magari lakini hakuwa na habari na waenda kwa miguu. Akasimama juani mpaka dereva wake alipotoka kununua sigara, akaitambua ile sauti inayofoka. Alipofika ghorofa ya tatu alikuta kiti cha Waziri kitupu na ujumbe kwa katibu muhtasi: Mkurugenzi amesimamishwa kazi hadi athibitishe alikuwa wapi.

Aliwaita wanafunzi. Hakutaka makubwa, waandike tu kwamba yule mtu wa foleni alikuwa yeye. Binti wa miwani alisimama, mikono nyuma, na ilionekana wazi kuwa anamhurumia.

"Mshiriki ni siri, Mkurugenzi."

"Hata kwangu? Mshiriki ni mimi!"

"Ulisema mkubwa akizidi kulitaka jina, tuzidi kulificha."

Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema. Ripoti ikapelekwa wizarani ilivyo, jina lake likiwa lile neno zito kuliko yote, "Humu ndani hakuna mtu wa kumsikiliza mtu," na Waziri akaisoma mara mbili kwa sababu kulikuwa na uchaguzi karibu. Akamwita Asilimia. Akamwonyesha jalada, akasema kwa miaka yote hajawahi kusoma sentensi ya kweli kutoka Idara ile isipokuwa hii, na huyo mwananchi aliyeisema anamtaka, amtangulize kwenye mikutano. Asilimia akavimba kifua, akasema aliyeisema ni yeye.

Waziri akatikisa kichwa.

"Hata kilio cha mwananchi unataka kukitia saini yako? Sikuamini. Kama kweli ulikuwa kwenye ile foleni, niletee kibali cha uthibitisho chenye muhuri."

Vibali vya uthibitisho hutolewa chini, dirisha lile lile. Asilimia akashuka, suti na tai, akaketi. Yule mama wa cherehani alikuwapo. Akasogea kumpa nafasi, akamwambia amependeza leo, pengine watamsikiliza, akamkatia mkate. Asilimia akaupokea kwa mikono miwili na safari hii hakupanga kumtajia mtu yeyote. Zamu yake ilipofika, akainama.

Karani alimsikiliza mpaka mwisho, kwa bashasha kabisa, maana siku hizi Idara inawaelewa wananchi.

"Pole, baba," alisema. "Hicho husainiwa na Mkurugenzi, na Mkurugenzi amesimamishwa. Jaribu Jumatatu."