Jina la Baba Mlangoni

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo imeanza na tayari nina kazi. Haina mshahara. Shangazi, dada yake Baba, ni katibu muhtasi katika kampuni ya upimaji wa viwanja. Alimwomba Mkurugenzi nikae pale nipange majalada badala ya kukaa nyumbani nikitazama dari.

Kampuni imehamia jengo jipya. Vioo kila upande. Milango mizuri, mitupu. Mkurugenzi hataki namba milangoni. Alikwenda semina mahali, akakuta ofisi ambayo vyumba, kompyuta na hata waifai vina majina ya kuchekesha, na wafanyakazi wake wana furaha. Sasa anataka na wa kwake wawe na furaha. Kila mtu alete mapendekezo.

Nikautazama mlango wa chumba cha mikutano. Nikajua papo hapo.

Baba aliendesha gari la kampuni hii tangu kabla sijazaliwa. Aliwapeleka wapimaji porini, akawasubiri juani, akawavuta kwenye matope. Wote walimwita Mzee Kofia, kwa sababu ya ile kofia yake ya kahawia asiyoivua hata akiwa mezani. Mwaka jana macho yakaanza kumsumbua. Wakampa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani. Tangu hapo hakuna hata mmoja aliyempigia simu. Baba halalamiki. Huiweka tu simu mezani, kioo kikitazama juu, asije akakosa kuiona ikiwaka.

Kwa hiyo: CHUMBA CHA MZEE KOFIA. Herufi za shaba. Baba anakata utepe. Gauni nitakalovaa nimeshalichagua.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetoa pendekezo langu kikaoni. Nilinyoosha mkono kwanza, kama tulivyofundishwa. Hawakuniona. Nikaendelea kunyoosha. Mhasibu akaniuliza kama naomba ruhusa ya kwenda msalani. Wakacheka.

Nikasimama, nikaeleza vizuri, utangulizi, kiini na hitimisho. Mkurugenzi akasema ni wazo zuri sana, huku anatazama saa. Mhasibu akasema shida ni kwamba majina yanatakiwa yachekeshe, na dereva aliyestaafu hachekeshi. Yeye anapendekeza wanyama. Vyumba wanyama, kompyuta wanyama, waifai iitwe Simba. Wakapiga makofi. Hata wapimaji waliowahi kusukumwa na Baba kutoka mtaroni walipiga makofi. Niliwatazama mmoja mmoja.

Uamuzi: majina ya wanyama yajaribiwe kwenye kompyuta kwanza. Yakipendeza, yapande milangoni.

Shangazi alinivuta kando akanikumbusha kwamba nimeletwa kupanga majalada.

Jumatano, 6 Agosti

Nina mpango.

Fundi wa kompyuta wanamwita Kebo. Ni mpole, ila hapendi kunyanyuka kitini. Aliposikia kwamba shuleni nasoma kompyuta, uso wake ulichanua. Alinipa nywila zote, za kompyuta na za waifai, akaniambia nikaingize majina ya wanyama yeye anywe chai. Niweke wanyama wowote. "Ila usiniletee ugomvi, mdogo wangu," akasema.

Ugomvi ndio hasa ninaoutaka. Mhasibu alitaka wanyama, nimempa. Kompyuta yake inaitwa Fisi. Mpimaji aliyecheka zaidi jana ni Nguruwe. Jirani yake ni Kupe. Mkurugenzi nimempa Tembo, asije akahusika. Kufikia Ijumaa watu watakuwa wamewachukia wanyama, wanyama watafukuzwa, na mtu atauliza kwa upole: lile wazo la yule binti lilikuwa lipi?

Nimejipa alama tisini. Kumi nimejikata kwa kukosa huruma.

Ijumaa, 8 Agosti

Msiba.

Mashine ya kuchapa ya ofisi hii ina tabia yake. Kabla ya kila kazi hutoa karatasi moja ya mbele inayotaja kompyuta iliyoituma, ili watu wasigombanie karatasi. Sikuambiwa. Wala sikuambiwa kwamba jana jioni kompyuta ya Shangazi iliharibika, Mhasibu akaletewa mpya, na ile yake ya zamani akapewa Shangazi pale mapokezi.

Asubuhi alikuja mteja, mzee mmoja anayegombania mpaka na jirani yake. Siku nyingi anaamini kampuni imekula njama na jirani na imemega kiwanja chake. Shangazi akachapa ramani yake, akaitia yote ndani ya bahasha, pamoja na karatasi ya mbele. Mzee akaifungua palepale. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, pole pole: "Imetumwa na Fisi."

Akaivua miwani.

"Angalau leo mmekiri," akasema.

Kisha akataka kumjua Fisi mwenyewe. Watu wote wakamgeukia Shangazi, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameikalia kompyuta. Shangazi! Ambaye hajawahi kuwa hata na jina la utani.

Mkurugenzi alitoka, akamwingiza yule mzee ofisini kwake, wakakaa huko muda mrefu. Baadaye Kebo akaitwa. Kebo akaeleza kwamba kompyuta siku hizi hujichagulia majina zenyewe. Mkurugenzi akaamini. Nimeanza kuelewa kwa nini kampuni hii inagombana na wateja.

Lakini! Wanyama wamefutwa. Mkurugenzi ametangaza kwamba sasa yatatumika majina ya watu waliotoa mchango kwa kampuni. Watu! Nilibana midomo nisipige kelele.

Shangazi hakula mchana. Nilimpelekea chai. Aliniuliza ni nani hapa anayemchukia kiasi cha kumwita Fisi. Nilimjibu, na ni kweli tupu, kwamba hakuna aliyemkusudia yeye.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemwambia Baba. Nilikusudia iwe siri mpaka siku ya utepe, ila nilishindwa kuistahimili ile simu pale mezani.

Alicheka kidogo puani. "Mimi nilikuwa na chumba changu pale, mwanangu. Kilikuwa na usukani."

Nikadhani yameishia hapo. Baadaye nikamsikia anamwuliza Mama brashi ya nguo iko wapi. Alikaa kizingitini akaisugua kofia yake mpaka ikabadilika rangi. Mama aliacha kushona akanitazama. Najua mtazamo ule. Maana yake ni kwamba nisimwingize mume wake mahali nisipoweza kumtoa.

Ofisini nimefanya kampeni. Nimempelekea kila mpimaji chai mezani na kumkumbusha matope. Mmoja alikumbuka. Alisema kumbe, Mzee Kofia, mtu wa watu yule, bado yupo? Nikamwambia yupo, na namba yake ni ileile. Akasema lazima ampigie. Akaomba sukari zaidi.

Nimerudi nyumbani kwa furaha. Simu ya Baba haikulia, lakini jioni watu huwa na shughuli.

Jumanne, 12 Agosti

Matokeo.

Chumba cha mikutano kimepewa jina la mama mkwe wa Mkurugenzi, kwa sababu kampuni ilianzia sebuleni kwake. Chumba cha ramani kimepewa jina la Mhasibu. Alijipendekeza mwenyewe, akasema anafanya hivyo kwa unyenyekevu. Chumba cha Mkurugenzi kina jina la Mkurugenzi. Milango ikaisha.

Nadhani uso wangu ulisema kitu, maana Mkurugenzi aliniita. Akasema hajamsahau baba yangu hata kidogo. Amemwekea kilicho bora kuliko mlango. Waifai ya ofisi nzima itaitwa Mzee Kofia. Akanishika bega. "Fikiria, binti. Kila mtu atakuwa anamtafuta, asubuhi mpaka jioni."

Nilifikiria. Nikaona ni kweli. Mlango unapitwa tu. Waifai inaonekana kwenye simu ya kila mtu, hata ya mteja, hata ya wale wa ghorofa ya juu. Nilirudi nyumbani mbio.

Baba alisikiliza yote. Akauliza jina lenyewe limeandikwa wapi. Nikasema halijaandikwa mahali, liko hewani.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea saa nyingine ya ukutani. Lakini nilipomwomba aje ofisini Alhamisi awasalimie, hakukataa.

Alhamisi, 14 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Waifai ni mbovu. Kisanduku chake wamekifunga kwenye korido karibu na choo, na vile vioo vyote havikisaidii. Tangu asubuhi ilikuwa hivi:

Mzee Kofia amekufa tena.

Mzee Kofia anazunguka tu, hafiki popote.

Mzimeni, mmpumzishe kidogo, mumwashe.

Ukitaka kumpata Mzee Kofia nenda ukasimame chooni.

Kila sentensi ilinichoma kama sindano. Nilijaribu kuwaeleza kwamba kosa ni la kisanduku. Mhasibu akaniambia nisilete utetezi, namba haziongopi.

Saa nne Baba akafika. Amenyoa. Shati limepigwa pasi mpaka lina makali. Kofia kichwani kama mpya. Shangazi hakuwepo, alikuwa benki. Baba hakutaka kusumbua mtu, akaanza kutembea koridoni mwenyewe, anasoma milango kwa karibu sana, pua ikikaribia kugusa herufi. Alikuwa anatafuta. Najua alichokuwa anatafuta, ingawa nilimweleza kwamba hakipo mlangoni.

Akasimama chini ya kisanduku.

Mpimaji mmoja mpya, asiyemjua, akatoka amebeba kompyuta yake juu juu kama sinia. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na haraka tu.

"Mzee, samahani, sogea kidogo," akamwambia. "Unamziba Mzee Kofia."

Baba akasogea. Akaomba radhi kabisa.

Kutoka chumba cha ramani sauti ya Mhasibu ikasema hivi huyu Mzee Kofia anangojewa nini, si aondolewe aletwe kijana mwenye nguvu. Wakacheka. Yule aliyeomba sukari naye alicheka, namjua mlio wake. Baba alisimama akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyosikiliza injini yenye hitilafu. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati na jalada mkononi. Nilipaswa kutoka. Sikutoka.

Mkurugenzi akapita. Akamshika Baba mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwita mzee wetu, akamwuliza kama ameshahudumiwa.

Baba akasema ameshahudumiwa.

Nilimkimbilia ngazini. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa na hasira. Alishuka ngazi mbili tatu akishika ukuta, kisha akasema bila kunitazama: "Nenda kawaombe walitoe jina langu. Kwa adabu. Usigombane na mtu."

Hajawahi kuniomba kitu maishani mwangu. Mimi ndiye huomba.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku yangu ya mwisho ofisini. Shangazi ameambiwa yaliyotokea jana, na ananisemesha kwa maneno mafupi mafupi. Kuhusu Fisi bado hajui.

Sikuwaomba. Watu waliomsahau mtu mara moja hawaombwi wamsahau mara ya pili. Nilisubiri Kebo aende kunywa chai, nikafungua mipangilio ya waifai kwa ile nywila aliyonipa. Nikalifuta jina la Baba, herufi moja moja kutoka nyuma, mpaka ikabaki M. Nikaifuta na M.

Nililia kidogo. Si sana, kuna kamera.

Kisha nikabonyeza kuhifadhi. Ikakataa. Mtandao hauwezi kuachwa bila jina.

Nilikaa nikatafakari kwa utulivu, kama tunavyofundishwa kufanya kabla ya kurudia swali tulilokosa. Tulikosea wapi? Si kwenye wazo. Wazo lilikuwa zuri, hata Mkurugenzi alikiri. Kosa lilikuwa kwenye uteuzi wa mtu. Baba ni mstaafu, amechoka, ni rahisi kumwonea. Alihitajika mtu ambaye haachi kazi kutwa nzima, ambaye mtaa mzima unamtegemea, ambaye watu wakilitaja jina lake hulitaja kwa heshima. Mtu ambaye pia hajawahi kushukuriwa.

Nikaandika MAMA CHEREHANI. Ndivyo anavyoitwa Mama kuanzia kwetu mpaka sokoni. Ikahifadhiwa mara moja, bila ubishi. Nimelichukua hilo kama dalili njema.

Nilipokuwa nawaaga, Mhasibu alikuwa anauliza kwa sauti huyu Mama Cherehani ni nani tena, na mbona mzito hivi. Nilimwambia ampe muda, ndiyo kwanza anaanza.

Baba nimemwambia jina lake limetoka. Alisema ahsante, akaigeuza simu kioo chini, akalala mchana kwa mara ya kwanza tangu sijui lini.

Mama sijamwambia. Nataka aone mwenyewe. Nimemwomba tu apige pasi lile gauni lake la bluu, na Jumatatu apitie ofisini awasalimie.