Pembe ya Mvinyo Iliyokwenda Jikoni

Kwa Mhariri mheshimiwa wa gazeti letu la Telavi,

Pokea salamu zangu. Mimi ni Vazha Kiknadze, mwenyekiti wa Kamati ya Wanaume ya Usawa wa Kijinsia ya mtaa wetu. Tulipoambiwa kwenye semina kwamba usawa hautapatikana bila wanaume, tuliitikia bila kusita, tukaunda kamati ya wanaume watupu ili tusiwasumbue wanawake, ambao wana kazi nyingi. Nalazimika kulalamika hadharani kwa sababu Jumapili iliyopita wanawake hao hao walihujumu usawa tulioutolea jasho.

1. Tuliandaa karamu ya kuzindua kamati, nyumbani kwangu. Ninaposema tuliandaa, nina maana kwamba mke wangu Tsiala na wake wa wanakamati waliamka alfajiri kukanda unga wa khinkali na kusaga nyama ya kujazia, nasi tukaonja mvinyo. Kila upande ulikuwa na wajibu wake. Hapo sina lalamiko.

2. Mimi ndiye niliyekuwa tamada, kiongozi wa meza. Ulipofika wakati wa kuwanywea wanawake pembe ya mvinyo kwa heshima yao, wanaume wote walisimama kama desturi inavyotaka. Nilisifu macho yao, subira yao na mikono yao mpaka Zurabi, katibu wetu, akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Nitajie, Mhariri, nchi nyingine ambako wanaume husimama wima kwa ajili ya wanawake walio chumba cha pili.

3. Kisha, kwa adabu tu, niligeukia mlango wa jikoni nikasema, "Alaverdi kwa akina mama wetu." Wewe ni mtu wa hapa, unajua: anayepewa alaverdi hupokea pembe na kusema lake, wala haruhusiwi mtu kumkatiza. Lakini ni nani mwenye akili timamu anayetegemea jiko lijibu? Tsiala akatoka na unga viwikoni, akanyoosha mkono.

"Lete pembe, Vazha."

Nikamnong'oneza, "Mama Tekle, ilikuwa heshima tu."

"Basi niheshimu. Kaa chini."

Nikakaa. Desturi ni desturi.

4. Alizungumza. Aliyoyasema sitayarudia hapa. Alipomaliza alikaa kwenye kiti changu, na wenzake wakatoka wakaketi pia, sufuria ikabaki inachemka peke yake. Zurabi akauliza, "Sasa khinkali anaepua nani?" Mkewe akamjibu, "Si kuna kamati?" Zurabi akaenda, akaungua vidole. Ndiye majeruhi wa kwanza wa harakati zetu, na hakuna hata mmoja aliyesimama kumnywea.

5. Sasa balaa limeota mizizi. Binti yetu Tekle anaolewa baada ya mavuno ya zabibu, naye amekataa tamada mwingine yeyote isipokuwa mama yake. Mimi niliyeongoza meza za ukoo huu tangu nilipoota ndevu, nitabeba sahani kwenye harusi ya mwanangu.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, alaverdi ya kuelekea jikoni ipigwe marufuku. Milango ya majiko ifungwe kwa nje kila wanaume wanapojadili usawa. Hilo likishindikana, wanawake waunde kamati yao ya kutusaidia. Mwenyekiti wao tutawateulia sisi.

Wasalimie wote hapo ofisini. Msalimie na mkeo, nikiamini hajatoka jikoni.

Wako katika usawa,
Vazha Kiknadze

Nyongeza: Usiichape barua hii. Kwa pembe ile Tsiala alimnywea marehemu mama yangu, aliyeihudumia meza ile ile mpaka mwisho wa maisha yake, akatuuliza kama kuna anayekumbuka mama huyo aliwahi kusema nini. Mimi mwanawe nilitafuta nikapata neno moja tu: "Kuleni." Tekle atampata tamada anayemtaka. Ila tafadhali muulize mkeo khinkali huchemshwaje zisipasuke. Zangu zinapasuka zote, na wageni wa harusi ni wengi.