Mtetezi Mwenye Kipaza Sauti

Siku Faustino alipomtia machoni Bryson kwa mara ya kwanza, alitangaza kwamba kijana yule amepata baba. Bryson hakuwa ameomba baba. Alikuwa ameomba kazi ya kupima unyevu wa mpunga kwenye kinu cha Wazungu pale kijijini Mbingu, akaipata. Lakini fundi Faustino alikuwa mlezi wa kila kitu: kwaya, timu ya mpira, chama cha kuzikana. Ungezimia mbele yake, ukizinduka ungekuta kamati ya kuzimia kwako imeshaundwa, na mwenyekiti ni yeye!

Basi akaja mama mmoja kutoka makao makuu Ulaya. Akaeleza kikaoni kwamba kule kwao wafanyakazi wanaopenda watu wa jinsia yao wana kikundi chao kazini, na wenzao huvaa utepe wa rangi za upinde wa mvua kuonyesha ni marafiki. Akauliza nani hapa angependa kuwa rafiki.

Watu wote wakaanza kukagua viatu vyao. Faustino akanyoosha mkono. Tangu azaliwe hajawahi kuacha cheo kikapita bure.

Utepe akautundika kifuani kama jenerali aliyeteka nchi tatu! Tatizo likawa moja: rafiki wa nani? Yule mama angerudi kuuliza kazi imefikia wapi. Faustino akazunguka ofisini na ghalani, akimuuliza kila mtu kwa kunong'ona kama ni mmoja wao. Devota wa jikoni alimjibu kwa mwiko.

Ndipo akachukua kipaza sauti cha kuitia malori.

"Jamani, mliopo jitokezeni! Msiogope, baba yenu nipo!"

Hakutoka mtu. Ila Bryson alidondosha kopo la mpunga, na watu wote wakageuka kumtazama.

Kesho yake Bryson alimfuata karakanani, begi begani. Baada ya shikamoo akamweleza taratibu kwamba wale anaowatafuta wamo, na kikundi kipo tangu mwaka juzi: ni wale wanaokula pamoja nyuma ya ghala kila Alhamisi, ambao wengine huwadhani ni watu wa maombi. Sasa tangu jana kinu kizima kinajadili kwa nini Bryson hajaoa, na maneno yameshamfikia mwenye nyumba wake. Ameomba uhamisho, na amepewa.

Faustino machozi yakamlengalenga. Akaomba radhi, akaomba tena, akavua utepe akauficha mfukoni. Kisha akashindwa kujizuia, akauliza kama kikundi kina mwenyekiti.

"Alikuwepo, baba," Bryson akasema. "Anapanda basi sasa hivi. Nafasi iko wazi, ila tafadhali, usiitangaze."