Biro ya Wasio na Muntu

(Hotuba kamili ya Sitwayen Lukula wa Lukula, iliyosemwa Mikelenge, mtaa wa Kindu, siku ya salongo, ile kazi ya bure ya kila Jumamosi, mbele ya watu waliokuja na majembe.)

Waheshimiwa wakubwa mulioketi kwenye kivuli, waheshimiwa wadogo mulioketi kwenye jua, mama wa ngoma za animation na vitenge vyenu vipya, wapika pombe ya lotoko mutakaokamatwa kesho, sitwayen na sitwayene, yaani wananchi wa Kindu nzima, kutoka ng'ambo ya mto mpaka hapa, pamoja na ndugu zetu wa Tunda waliokosa gari lakini roho zao ziko nasi: mimi, Sitwayen Lukula wa Lukula, niliyeitwa Célestin mpaka siku ile authenticité, amri ya kurudia majina ya asili, iliponifungua macho, mukubwa wa mipango, na mukubwa wa wale wakubwa wa mipango, nawasalimu. (Makofi. Aliyeanzisha njo dereva wake.)

Nasimama ndani ya abacost hii, koti la taifa lisilo na tai, kwa jua hili, bila kufungua kifungo hata kimoja, niwafundishe habari ya kazi. Zamani mulidhani kazi inatafutwa na diplome. Lakini uchunguzi wa kisayansi, nilioufanya mimi mwenyewe nikiwa kwa kinyozi, unaonyesha wazi kwamba katika watu mia moja wenye mushahara hapa Kindu, tisini na tisa waliingizwa na muntu, yaani shemeji, mujomba ao baba mukwe, na ule moja aliyebaki naye iko na muntu, ila anaona haya kumutaja. (Kicheko. Makarani wawili wanatazama viatu vyao.)

Sasa serikali yenye masikio, yaani mimi, ikajiuliza: na yule asiye na muntu, afanye nini? Njo pale tukazaa proje kubwa ya Biro ya Wasio na Muntu, ofisi yenye madirisha ya vioo, ambamo utaingia mulango wa mbele ukiwa kama kuku mugeni na kamba yake mguuni, na kutokea mulango wa nyuma na shemeji aliye tayari, mwenye cheo, mwenye gari, na anayekuita kwa jina. (Shangwe. Muzee mumoja anauliza kama shemeji mwenye pikipiki naye atapatikana.) Na kazi muliianza nyinyi. Kila salongo mulifyeka kiwanja hiki, mukang'oa visiki, mukainua matuta. Wenye wivu wanauliza tangu lini musingi wa nyumba unakuwa matuta. Nawajibu: njo tekniki ya kisasa. Na wale wanaoona sombe, majani yale ya muhogo, imeota juu yake, waelewe kwamba ile iko kwa kushika udongo usikimbie.

(Mama Ndaya, mujane wa mufanyakazi wa reli, anasimama. Watu wanamupa nafasi, maana kila msafiri wa gare amekula chikwange yake, ule mkate wa muhogo.)

"Mukubwa," anasema, "mutoto wangu Kazadi analima hapa tangu siku ya kwanza. Kule depo ya mizigo wanatafuta karani. Anajua kusoma, anajua kuandika, hana muntu tu. Umusemee neno moja."

Asante, mama, kwa muchango wako. Ila nafasi ile imekwisha kupangwa kisayansi, kwa mutoto wa dada ya muke wangu, kijana ambaye kusoma kunamusumbua, na njo sababu tunamuweka karibu na makaratasi ayazoee. Wako avumilie. Jumamosi ijayo aje na jembe. (Kazadi analitazama jembe lake.)

Turudie neno letu la kila salongo. Muntu bila muntu? (Watu: Njo hewa!) Sisikii vizuri. Muntu bila... (Watu wanatega masikio dukani. Saa sita imefika, na Sikuli mwenye duka amefungulia redio. Wanasoma majina ya makomisere wapya wa zone, wale walio juu ya wakubwa wote wa mtaa. Kwa Mikelenge wanataja Sitwayen Kankolongo, aliyekuwa mwalimu tu kule Lubutu mpaka asubuhi hii. Watu wote wanageukia Mama Ndaya. Kankolongo njo mudogo wake wa tumbo moja, na chikwange ile njo ilimusomesha.)

(Sitwayen Lukula anafungua kifungo cha kwanza.)

Mama Ndaya. Dada yangu. Nani amekuacha kwa jua? Mumupe kiti changu. Marehemu bwana yako alinisalimu siku moja kwenye gare, na kwa mila yetu salamu ya namna ile ni undugu. Kazadi, mutoto wangu, ile kazi ilikuwa yako tangu zamani, nilikuwa napima uvumilivu. (Kifungo cha pili.)

Nikimaliza: salongo, oyé! (Watu: Oyé.) Undugu, oyé! (Dereva peke yake: Oyé.) Nawashukuru wanaume kwa visiki, nawashukuru wanawake kwa kupalilia, na zaidi namushukuru dada Ndaya, ambaye atamueleza mudogo wake polepole, wakiwa wanakula, kwamba hapa hakukuwa biro, hakukuwa plan, hakukuwa tofali hata moja, ilikuwa muhogo wangu tu, na sasa magunia yote njo yake. Amuambie pia kwamba huku kuko muntu mumoja, anajua kusoma, anajua kuandika, hana muntu tu.

(Mama Ndaya, ambaye amekwisha kukaa vizuri kwenye kiti, anafikiri kidogo, anakunja kitenge chake.)

"Jumamosi ijayo," anasema, "aje na jembe."