Nasomea Usalama, Sayansi Baadaye

Jumatatu, 2 Machi 1953

Siku kubwa! Daftari jipya, penseli mpya, Athuman mpya.

Asubuhi Bwana Meneja alitukusanya mbele ya kiwanda. Akasema serikali imeleta sheria ya viwanda, na shamba letu la mkonge litakuwa na mtu mmoja wa kuangalia wafanyakazi wasiumizwe na mashine. Msimamizi wa Usalama! Nyumba ya saruji! Baiskeli! Filimbi ya kuvaa shingoni! Kisha, kwa sauti ileile, akasema kazi ya karani wa kuhesabu matita ya majani inafutwa mwisho wa mwezi. Mnyapara atahesabu mwenyewe.

Karani huyo ni mimi.

Basi mambo yako wazi. Nikiupata usimamizi, nabaki hapa Korogwe, mtu na heshima zangu. Nikiukosa, narudi Mazingara kulima mahindi chini ya kaka yangu Mdoe. Siku aliponisindikiza Handeni kupanda lori, aliniambia mbele ya abiria wote kwamba jembe langu hamgawii mtu, maana nitarudi tu.

Sirudi!

Tunaoitaka kazi ni wawili, mimi na Fabiani wa stoo. Tumepewa kijitabu cha kusoma. Halafu atakuja Bwana wa Viwanda kutoka Tanga atupime, kwanza kwa maswali ya kuandika, kisha kwa kutazama jinsi kila mmoja anavyoitunza sehemu yake kiwandani. Fabiani amesoma misheni mpaka darasa la nane. Ana sayansi. Amewahi kupasua chura! Mimi niliishia la nne, na sayansi tuliambiwa inaanza la tano.

Si kitu. Usalama ni akili. Chura anaingiaje hapo?

Jumanne, 3 Machi

Nimefungua kijitabu. Ukurasa wa kwanza, msuguano. Wa pili, joto litokanalo na msuguano. Wa tatu, hewa na moto. Nimefunga kijitabu.

Lakini nimepata mpango! Simeo, dresa wa zahanati ya shamba, anaijua sayansi ya mwili mzima, hasa upande wa vidonda. Nimemwomba anifundishe kila jioni. Amekubali, kwa sharti nimwandikie barua kwa binti mmoja wa Mombo, kwa kuwa mwandiko wake yeye hausomeki na mtu asiye mgonjwa. Nimeandika kurasa tatu. Nilijiliza mwenyewe.

Fabiani nimemkuta amekalia robota la singa, zile nyuzi kavu za mkonge, anasoma huku anatikisa kichwa kukubaliana na kitabu. Ameniuliza kama nimefika kwenye msuguano. Nimemwambia nimeshaupita.

Alhamisi, 5 Machi

Somo la kwanza! Simeo alitaka mapafu ya mbuzi, nikaenda kuyatafuta sokoni mwenyewe. Akachomeka bua la jani la mpapai, akapuliza. Yakavimba! Nilipiga ukelele, wagonjwa wawili wakatoka nje kutazama. Akasema vumbi la mkonge huingia humo kidogokidogo, mtu anakohoa miaka mpaka anakwisha. Kesho tutayapasua tuone njia za ndani. Nimeambiwa niyahifadhi mahali pa baridi.

Ijumaa, 6 Machi

Hakukuwa na mahali pa baridi. Nimeyakaanga na vitunguu.

Simeo amekasirika sana. Nimemweleza kwamba sayansi imeingia mwilini moja kwa moja, tena bila kupitia kichwani. Hakucheka. Amesema hakuna somo jingine mpaka binti wa Mombo ajibu.

Jumamosi, 7 Machi

Tumegawiwa sehemu. Fabiani kapewa chumba cha brashi, kule singa zinakosafishwa, wanawake watulivu, wanafanya kila anachowaambia. Mimi nimepewa mashine yenyewe ya kuchakata! Ile kubwa! Mkanda wake unapita juu ya vichwa vya watu kwa mngurumo ambao unausikia tumboni. Nilisimama mbele yake nikajiona tayari na filimbi.

Halafu nikawaona wanaolisha majani. Wanyamwezi watupu! Mkubwa wao Kasmiri! Yaani mimi, Mzigua wa watu, nikawape amri watani zangu!

Nilijikaza. Nilimwambia Kasmiri mkono usifuate jani, utakatika. Akawaita wenzake. Akawaambia jamani njooni msikie, Mzigua amemaliza mapafu ya mbuzi, sasa anautaka mkono wangu. Wakacheka mpaka majani yakarundikana. Nikasema sitanii, mkono utakatika kweli. Kasmiri akajibu ukikatika nitauzika mimi, si ndiyo kazi ya mtani? Nikanuna. Kosa kubwa! Mtu hamnunii mtani wake. Nikatozwa tumbaku yangu yote palepale, nikabaki na mfuko mtupu.

Fabiani alikuwa mlangoni. Alicheka kistaarabu, kwa kuziba mdomo.

Jumatatu, 9 Machi

Jana sikulala mchana. Nimetunga Kanuni za Athuman! Nimeziandika kwa chokaa kwenye ubao mkubwa: Mkono usifuate jani. Usipite chini ya mkanda. Nguo pana marufuku. Mashine ikizunguka usiifute. Ukiumia sema leo, usingoje kesho. Chini nikachora mkono uliokatika, na damu, ili waogope.

Hawakuogopa. Saa tatu mkono ule ulikuwa umeongezewa mtu, na mtu yule alikuwa na penseli sikioni kama mimi. Saa sita wakaanza kuziimba kanuni zangu wakilisha mashine, kwa sauti yangu ya puani! Kasmiri anaanzisha, wengine wanaitikia. Nimewakataza. Wakaimba na katazo.

Jioni lori la Handeni limeniletea barua ya Mdoe. Masika yanakaribia, anauliza nafika lini, ameshanipimia kipande changu cha shamba. Upande wenye mawe.

Jumatano, 11 Machi

Bwana wa Viwanda amefika. Mrefu, mwekundu, anasema Kiswahili kuliko mnyapara wetu. Ametupa maswali kumi.

Aliuliza kwa nini moto katika chumba cha singa huenea upesi. Nikaandika kwa sababu watu huchelewa kukimbia. Akauliza vumbi linamdhuru mtu vipi. Hapa nilifurahi, mapafu nayajua! Nikaandika kurasa mbili, na vitunguu nikavitaja. Msuguano nikasema ni ugomvi kati ya mashine na mafuta. Nilimaliza wa kwanza. Fabiani alikuwa bado anachora mishale.

Majibu yametoka jioni. Fabiani themanini na nne kwa mia. Mimi kumi na moja. Bwana ameniuliza kwa upole kama nilikuwa naumwa.

Nilirudi kambini nikakaa kitandani na viatu. Nimeogopa leo, acha niseme ukweli. Nililiona lile shamba la mawe. Nilimwona Mdoe ananipa jembe.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeamka na mpango! Tena mpango wa maana, nimeruka kitandani!

Jumamosi Bwana atatembelea kiwanda. Mtu anapimwa usalama kwa nini? Kwa kuokoa watu! Basi nitamwokoa mtu mbele yake. Nimeongea na Kasmiri faraghani. Nikikohoa mara moja, yeye ajifanye mkono umenaswa kwenye majani, apige kelele, mimi niruke nimvute. Amekubali kwa kuku mmoja. Nimempa jogoo wangu. Akauliza apige kelele za Kinyamwezi au za Kiswahili. Nikasema za Kiswahili, Bwana aelewe.

Na bahati haiji peke yake, binti wa Mombo amejibu! Anasema hajapata kusoma maneno matamu kama yale. Simeo ananipenda tena, kaniazima koti lake la Krismasi. Kubwa kidogo, mikono inafika kwenye kucha, lakini mtu ukiliona tu unasema huyu hapa msimamizi!

Jumamosi, 14 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Mwandiko mnisamehe.

Saa nne Bwana aliingia na Meneja, Fabiani nyuma yao. Nikasimama mahali pangu na koti. Nikakohoa.

Kasmiri akaendelea kulisha majani.

Nikakohoa tena, zaidi. Akanitazama kwa huruma, akaniletea maji kwenye kopo! Nikakohoa mpaka machozi. Wanyamwezi wote wakaanza kukohoa! Bwana akamwambia Meneja vumbi ni jingi hapa. Nikamnong'oneza Kasmiri, mkono, ewe, mkono! Akauliza kwa sauti, mkono upi? Jogoo wangu yuko tumboni mwake na anauliza mkono upi!

Basi nikaamua nimkumbushe kwa vitendo. Nikanyoosha mkono kuelekea kwenye majani, hivi, namna hii. Na ule mkono wa koti la Simeo ukaingia kabla yangu.

Mama yangu! Nilivutwa! Nikapiga kelele nimenaswa, zimeni, nakufa! Wanyamwezi wakapiga makofi! Wakasema Mzigua anajua kuigiza! Kasmiri akalia machozi kwa kicheko. Nikaona meno ya mashine yanakuja, nikasema shahada.

Fabiani hakucheka. Aliruka kwenye mtambo, akashusha mpini, mkanda ukalegea, mashine ikafa. Koti likachanika begani. Nikaanguka chali. Kifundo cha mkono kimeteguka, kucha mbili zimekwenda. Basi. Nilipoona zile kucha nikazimia.

Nilipozinduka nilidhani nimeshakufa, kwa sababu matanga yangu yalikuwa yanaendelea. Nimelala kwenye machela ya zahanati, na Kasmiri amekaa mbele yake, hairuhusu kupita. Anasema yeye ndiye mtani wa maiti, apewe chake kwanza! Bwana wa Viwanda alikuwa anampa sigara! Kisha Kasmiri akachukua penseli yangu, akaitia sikioni, akavaa mkono wa koti uliochanika, akaanza kutembea kama mimi. Kifua mbele, matako nyuma. Kwa sauti yangu akasema mkono usifuate jani! Kiwanda kizima kikaitikia! Usipite chini ya mkanda! Wakaitikia! Nguo pana marufuku! Akaninyooshea kidole pale machelani, watu wakagaagaa chini.

Zote tano. Hawakukosea hata moja.

Bwana hakucheka. Alitoa kitabu kidogo, akaandika haraka haraka. Akamuuliza Meneja nani amewafundisha watu hawa. Nikajaribu kuinua mkono kusema ni mimi, ukawa ndio ule ulioteguka, nikazimia tena.

Jumatano, 18 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu!

Kwanza, Fabiani kaondolewa! Bwana wa Viwanda amemchukua akafanye kazi ofisini kwake Tanga, na mshahara mkubwa, na kusomeshwa zaidi. Kesho anapanda treni. Nimemshinda kabisa, hatanikalia tena njiani.

Pili, Msimamizi wa Usalama amepatikana. Ni Kasmiri. Bwana amesema katika mashamba yote aliyopita hajaona watu wanaozijua kanuni za mashine kwa moyo kama watu wa Kasmiri, na kwamba mtu anayefundisha kwa wimbo anafaa kuliko kumi wanaofundisha kwa ubao. Nyumba ya saruji kapewa. Baiskeli kapewa. Filimbi anaipuliza tangu alfajiri, kambi nzima haina usingizi.

Lakini Kasmiri hajui kusoma wala kuandika! Lazima awe na karani! Nimebaki! Nimemwandikia Mdoe kwamba idara ya usalama sasa iko mikononi mwangu, shamba ampe mtu mwingine. Simeo amesema kitu kuhusu koti, sikumsikia vizuri.

Tena kuna habari kubwa kuliko zote. Fundi wa umeme wa hapa shambani anatafuta msaidizi! Anayeujua umeme, Kasmiri atamwamrisha nini? Nimeuliza unahitaji masomo gani, nikaambiwa sayansi. Nimecheka. Si nimeshasomea usalama mzima bila sayansi, na matokeo kila mtu kayaona?

Nimeanza leo hii. Niko karakana, fundi ameenda kula. Waya uko mezani mbele yangu, umeshavuliwa ganda, unang'aa vizuri. Nimenawa mikono kwanza, usafi ni mwanzo wa kazi. Bado imelowa, ndiyo maana ukurasa huu una madoa.

Fabiani amepita dirishani sasa hivi kuniaga. Akaona waya, akabadilika rangi. Amesema nisiuguse, nisisogee, anakimbia kwenda kuzima kule kwenye swichi kubwa. Wivu! Mtu anaondoka kesho na bado hataki mwenzake ajifunze.

Simngoji. Nitaugusa nikimaliza kuandika.

Nimemaliza.